Karani wa nyimbo: historia fupi ya maktaba za muziki kwenye kompyuta

Siku hizi ukimuuliza mtu nyimbo zake ziko wapi atakuonyesha simu. Mbane kidogo, ziko wapi hasa ndani ya hiyo simu, atakuambia ziko "huko mtandaoni". Analipa kwa mwezi au anavumilia matangazo, mambo yanakwenda. Sina ugomvi naye, hata mimi ndivyo ninavyosikiliza nikiwa kwenye daladala. Ila kabla ya hapo kulikuwa na kipindi cha kama miaka kumi na mitano hivi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini, ambapo mwenye kompyuta ya mezani alikuwa na muziki wake mwenyewe kwenye diski yake mwenyewe. Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na programu iliyofanya kazi ya karani: kuandikisha kila wimbo, kuupa jina, kuupanga, na kuuleta ukiitwa.

Nimetumia wiki kadhaa kusoma habari za makarani hawa, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kuwa wana mema mengi na hila mbili. Kwanza, daftari lao lilichorwa na watu ambao muziki wetu haukuwa akilini mwao. Pili, wakati wa kuondoka ulipofika, daftari waliondoka nalo. Hayo mawili yanatuhusu sana sisi tunaopenda dansi na taarabu, nami nitaeleza kwa nini.

Tuanze na shida iliyowaleta. Wimbo wa dakika nne kwenye CD unakula kama megabaiti 40. Wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen, Ujerumani, walikuwa katika timu iliyopata njia ya kuubana mpaka ukawa kama megabaiti 4, na Julai 1995 wakakubaliana kuwa majina ya mafaili hayo yaishie na .mp3. Ghafla diski ya kompyuta ya kawaida ikaweza kubeba nyimbo mamia. Alipokuja Shawn Fanning na Napster mwezi Juni 1999, mamia yakawa maelfu. Zamani kazi ilikuwa kuupata wimbo. Sasa unao, ila umo katikati ya mafaili elfu tatu na hukumbuki ulilipa jina gani.

Programu ya kwanza iliyopendwa na wengi ilikuwa Winamp. Ilitoka Aprili 1997, kazi ya Justin Frankel, kijana aliyekuwa ameacha chuo kikuu cha Utah, akishirikiana na Dmitry Boldyrev. Hapa kwetu nadhani kila aliyewahi kukaa kwenye intaneti kafe enzi hizo anaikumbuka ile mistari ya kijani juu ya dirisha jeusi. Mimi nilikuwa mtoto, nilikuwa nadhani Winamp ndilo jina la muziki wenyewe. Mwaka 1999 AOL waliinunua kampuni ya Frankel, Nullsoft, kwa mamilioni ya dola.

Lakini Winamp ya mwanzo haikuwa maktaba, ilikuwa redio kaseti. Unaisogezea nyimbo, inazipanga kwenye orodha, inapiga. Kupanga nyimbo kwenye diski ilikuwa kazi yako wewe: folda la bendi, ndani yake folda la albamu au la kanda. Hata orodha zake zilikuwa mafaili ya maandishi matupu, yale yanayoishia na .m3u, ambayo unaweza kuyafungua leo kwa programu yoyote ya kuandikia na kuyasoma kwa macho yako. Msomaji, naomba ukumbuke hilo la maandishi matupu, tutalirudia.

Maktaba zenyewe zilianza kuja karibu wakati uleule. RealJukebox ilitoka 1999, MusicMatch ilikuwepo, na mwaka 2000 Microsoft waliweka maktaba ndani ya Windows Media Player 7. Iliyoshinda zote, hata hivyo, ilitoka kwa watu wa Mac. Jeff Robbin na Bill Kincaid, waliowahi kuwa wafanyakazi wa Apple, walitengeneza programu iitwayo SoundJam MP. Apple waliinunua mwaka 2000, wakaipunguza vikorombwezo, wakaibadilisha sura, na tarehe 9 Januari 2001 wakaizindua San Francisco kwa jina la iTunes. Ilikuja kwenye Windows Oktoba 2003.

Tofauti yake na Winamp inaonekana ndogo lakini ni kubwa. Kwenye iTunes huoni folda wala faili. Unaona jedwali moja refu: jina la wimbo, msanii, albamu, aina ya muziki, mwaka, mara ngapi umeupiga. Unaandika herufi tatu kwenye kisanduku cha kutafutia, na nyimbo elfu tano zinabaki nne kabla hujamaliza kuandika. Anayeona hilo ni jambo dogo hajawahi kupekua kanda mia mbili akitafuta wimbo mmoja wa harusi ya dada yake. Kisha Julai 2002, kwenye toleo la tatu, wakaleta orodha zinazojijaza zenyewe. Unaiambia programu: nipe nyimbo za kabla ya 1980 nilizozipa nyota nne, ambazo sijazisikiliza kwa miezi sita. Inakupa. Kesho ukisikiliza mmoja, unatoka kwenye orodha wenyewe. Kwa maoni yangu hakuna programu ya simu ya leo inayomheshimu msikilizaji kiasi hicho. Za leo zinakukisia unachotaka, ile ilikuwa inasubiri uiambie.

Kwa hiyo mema yake siyapunguzi. Mtu mwenye nyimbo nyingi aliweza kwa mara ya kwanza kuuona muziki wake wote kwa pamoja na kuuhoji: nani ninaye, nani sina, nini nimekisahau.

Sasa tuje kwenye daftari.

Jedwali lile lilijazwa kutoka wapi? Sehemu kubwa kutoka kwenye lebo zilizomo ndani ya faili lenyewe. Faili la MP3 la mwanzo halikuwa na mahali pa kuandika jina la mwimbaji. Mwaka 1996 mtu aitwaye Eric Kemp alibuni utaratibu wa kubandika baiti 128 mwishoni mwa faili, ukaitwa ID3. Jina la wimbo lilipewa herufi 30, msanii 30, albamu 30, mwaka 4, maoni 30, na namba moja ya kuonyesha aina ya muziki. Ni kazi ya akili sana kwa nafasi ndogo kiasi kile, na hakuna wa kumlaumu Kemp.

Lakini hebu jaza fomu hiyo kwa muziki wa hapa. Andika "Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz Band" kwenye herufi 30. Nimehesabu, inakatika baada ya neno Morogoro. Bendi inageuka kuwa mji.

Njoo kwenye aina ya muziki. Orodha ya kwanza ilikuwa na aina 80. Namba 16 ni rege, sawa. Namba 75 ni polka. Namba 61 ni rap ya Kikristo. Kuna hata namba ya mizaha. Taarabu hakuna, dansi letu hakuna, rumba hakuna, chakacha usiulize. Kilichokuwa karibu ni namba 48, neno la Kiingereza la mambo "ya kikabila", au namba 12, yaani "nyingineyo". Watengenezaji wa Winamp waliiongeza orodha baadaye, na toleo la pili la ID3, la mwaka 1998, liliruhusu mtu kuandika aina anayoitaka kwa mkono wake. Wengi hawakuandika. Waliacha kile walichokikuta, na kile walichokikuta mara nyingi kilikuwa "World", lile neno ambalo wafanyabiashara wa muziki walikaa London mwaka 1987 wakakubaliana litumike madukani kuuzia muziki wa sisi wengine wote.

Hilo la aina ni la kuudhi tu. La msanii ndilo linaloumiza. Jedwali linataka kila wimbo uwe na msanii mmoja na albamu moja, kwa sababu waliolichora walikuwa na albamu mezani. Dansi la Tanzania halikukua hivyo. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye tepu, nyimbo zikapigwa redioni, baadhi zikatoka kwenye santuri ndogo zilizochapishwa Nairobi. Albamu, kwa maana ya Wamarekani, kwa nyimbo nyingi haipo kabisa. Tena kwenye zile santuri ndogo wimbo mrefu ulikuwa unakatwa, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Ukiuingiza kwenye maktaba unakuwa nyimbo mbili. Ukibonyeza kitufe cha kuchanganya, mashairi yanakuja saa mbili asubuhi na chemko linakuja saa tano.

Halafu majina. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi NUTA kilikuwa na bendi, NUTA Jazz. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kikaja OTTU, ikawa OTTU Jazz. Leo tunaiita Msondo Ngoma. Kwa mzee yeyote wa Dar hiyo ni bendi moja iliyobadilisha kanzu. Kwa karani wa kompyuta ni bendi nne zisizojuana, moja kwenye J, moja M, moja N, moja O. Mlimani Park iko kwenye M, lakini aliyeandika DDC mwanzoni amempeleka D, na aliyeandika Sikinde amempeleka S.

Na waimbaji je? Muhidin Gurumo aliimba NUTA, akaenda Mlimani Park, akaenda Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo. Andika Gurumo kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwa mafaili mengi yanayozunguka mjini jibu ni sifuri, kwa sababu kwenye nafasi ya msanii pameandikwa bendi, na mwimbaji hana nafasi yake. Programu iliyosifiwa kwa kutafuta haimpati mmoja wa waimbaji waliosikilizwa sana nchini. Mtu akizaliwa leo na kurithi diski ya babu yake, atajuaje kuwa sauti kwenye bendi hizi tatu ni ya mtu mmoja?

Mbona wenzetu lebo zao zilijaa vizuri? Kwa sababu walisaidiwa, na hii ni hadithi ya peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Ti Kan alikuwa na programu ya kupigia CD kwenye kompyuta, na pamoja na Steve Scherf wakajenga hifadhidata iliyoitwa CDDB. CD ya kawaida haina majina ya nyimbo ndani yake. Programu ilikuwa inatazama idadi ya nyimbo na mahali kila wimbo unapoanzia, inapata namba kutokana na hivyo, inaiuliza hifadhidata. Majina yalikuwa yameandikwa na watumiaji wenyewe, watu wa kawaida, usiku majumbani mwao, bila malipo. Mwaka 1998 hifadhidata hiyo iliuzwa, mwaka 2000 ikaitwa Gracenote, ikawa kampuni inayodai leseni, na mwaka 2008 Sony waliinunua kwa dola milioni 260. Waliokasirika walichukua nakala iliyokuwa huru wakaanzisha freedb, nayo ikafungwa mwaka 2020. Uliodumu ni MusicBrainz, wa Robert Kaye, na huo angalau unajua kuwa bendi inaweza kuwa na majina mengi na kwamba mtu anaweza kupita bendi nyingi.

Kwetu njia hii ilipita kando. CD nyingi tulizonazo zilichomwa kibandani: nyimbo kumi na tano za bendi saba, zimepangwa na kijana wa kibanda kwa jinsi alivyoona yeye. Mpangilio huo haupo mahali pengine duniani, kwa hiyo hifadhidata haina jibu, au mbaya zaidi inapata CD nyingine ambayo namba yake imegongana na hii, na taarabu yako inapewa majina ya nyimbo za Kijerumani. Zikija kwa flashi kutoka kibanda cha kurushia nyimbo, kwenye nafasi ya msanii unakuta anwani ya tovuti, na kwenye nafasi ya albamu unakuta namba ya simu ya kibanda. Usilicheke sana hilo. Nalo ni lebo, isipokuwa linamtaja muuzaji na kumwacha mtunzi.

Upande wa pili ni suala la nani mwenye mali. Ukiikubalia iTunes ikutunzie mafaili, ilikuwa inayahamisha yenyewe kwenye folda zake, msanii kwa msanii, albamu kwa albamu. Ile CD ya bendi saba, kama hukuweka alama kuwa ni mkusanyiko, inatawanywa kwenye folda saba. Ukiyahamisha mafaili wewe kwa mkono wako, karani anakasirika na kukuwekea alama ya mshangao mbele ya wimbo, maana yake hajui uliko. Nyota ulizoupa wimbo na hesabu ya mara ulizousikiliza hazikuandikwa ndani ya faili, ziliandikwa kwenye hifadhidata ya programu. Nyimbo zilikuwa zako, kumbukumbu ilikuwa yake.

Mengine yalikuwa makubwa zaidi. Novemba 1999 iligundulika kuwa RealJukebox ilikuwa inapeleka kwa kampuni yake taarifa za nyimbo ambazo mtu anasikiliza, pamoja na namba ya kumtambulisha. Novemba 2001 kifurushi cha kusakinisha iTunes 2 kilifuta diski za baadhi ya watu, ambao kosa lao lilikuwa kuacha nafasi kwenye jina la diski. Apple wakakiondoa upesi. iPod, iliyotangazwa Oktoba 2001, ilifungwa kwenye kompyuta moja. Ukiichomeka kwa jirani inakuuliza kama uko tayari kufutiwa kila kitu. Nyimbo zilizonunuliwa kwenye duka la iTunes, lililofunguliwa Marekani Aprili 2003 kwa senti 99 wimbo, zilikuja na kufuli mpaka mwaka 2009. Microsoft nao walitangaza Aprili 2008 kuwa wataacha kutoa funguo za nyimbo walizouza kwenye duka lao la MSN Music, yaani mnunuzi akibadilisha kompyuta basi tena. Kelele zikawa nyingi, wakaongeza miaka mitatu.

Septemba 2014 albamu ya U2 iliingizwa kwenye maktaba za watu kama milioni 500 bila kuombwa, na Apple wakalazimika kutengeneza kifaa maalumu cha kuitolea. Mei 2016 Mmarekani mmoja aliandika kuwa gigabaiti 122 za nyimbo zake zimetoweka kwenye diski baada ya kujiunga na Apple Music. Apple walisema hawakuipata sababu, lakini waliongeza ulinzi kwenye programu. Tangu lini karani akaingia nyumbani na mizigo yake, au akatoka na ya kwako?

Kisha wakaanza kuondoka. Desemba 2013 AOL walitaka kuifunga Winamp, ikaokolewa kwa kuuzwa kwa Radionomy mwezi uliofuata, na haikurudi tena ilivyokuwa. Songbird, iliyoanza 2006 kwa matumaini makubwa ya kuwa iTunes iliyo huru, ilifungwa mwaka huohuo wa 2013. Oktoba 2019 Apple waliitoa iTunes kwenye Mac na kuigawa vipande vitatu. Kwenye Windows, programu ya Apple Music ilichukua kazi ya nyimbo mwaka 2024. Spotify ilifika Tanzania na Kenya Februari 2021, na wengi hawakusikia hata mlango ukifungwa nyuma yao.

Kilichobaki ni kile kilichoandikwa ndani ya faili. Orodha za .m3u za mwaka 1999 bado zinasomeka. Lebo za ID3 bado zinasomwa na foobar2000, ambayo Peter Pawlowski aliianzisha 2002 na bado inatoka matoleo mapya, haina urembo, haihamishi kitu bila kuambiwa. Kama una diski ya mzee yeyote mpenzi wa dansi, na mzee mwenyewe bado yupo, kaa naye hata jioni moja umpigie nyimbo moja baada ya nyingine, uandike anayoyajua kabla diski haijaanza kugonga. Anaitambua sauti kabla ya ubeti kuisha.

Mahali pa kuandika papo, tena palikuwepo tangu 1996: ile nafasi ya maoni, herufi 30. "Mwimbaji: Muhidin Gurumo" ni herufi 24 ukihesabu na nafasi. Zinabaki sita.